Kikohozi cha usiku kwenye simu: kile ambacho rekodi haimwambii daktari

Usiku mtoto amekohoa hadi nyumba nzima ikakosa usingizi. Asubuhi, akifikishwa zahanati, anapanda na kushuka kwenye benchi utadhani hakuna kilichotokea. Daktari anauliza kikohozi kilikuwaje, mama anajaribu kukiigiza, na foleni nzima inageuka kumtazama.

Ndiyo maana wazazi wengi siku hizi wanafika na ushahidi mkononi. Simu inatolewa kwenye mkoba, kitufe kinabonyezwa, na sauti ya saa nane usiku inasikika saa tatu asubuhi. Wengine, hasa wenye mtoto anayekoroma, huazima kile kinasa sauti kidogo cha mfukoni ambacho waandishi wa habari na wanafunzi wa vyuo hutumia, wakakiacha kandoni mwa kitanda hadi alfajiri.

Ni jambo jema. Dalili nyingi za watoto huja usiku na kuondoka na jua, na daktari hawezi kuhamia nyumbani kwa mgonjwa. Shida huanza pale rekodi inapochukuliwa kana kwamba ndiyo mtoto mwenyewe. Baba anasikiliza asubuhi, anaona si kubaya kama ilivyoonekana usiku, safari ya hospitali inaahirishwa hadi Jumatatu. Kumbe kabla ya yeyote kusikiliza, kifaa chenyewe kilishatupa sehemu ya sauti, na mara nyingi sehemu iliyotupwa ndiyo ambayo daktari angeitaka.

Kifaa kilichofundishwa maneno

Simu na vinasa sauti vingi vya mfukoni vimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea. Kila kilicho ndani yake kimepangwa ili maneno yasikike vizuri na vingine vyote vipungue. Feni inayozunguka, mvua juu ya bati, friji inayonguruma: kifaa huvitambua hivi kama kelele kwa sababu ni sauti za chini zinazoendelea bila kubadilika sana. Pumzi ya mtoto aliyelala nayo iko hivyo hivyo. Kichujio cha kelele kikiwa kimewashwa, kinaweza kuififisha pumzi pamoja na feni, na mzazi akabaki na kikohozi kinachotokea katikati ya kimya safi. Anayesikiliza atadhani kati ya kikohozi kimoja na kingine mtoto alikuwa anapumua kwa utulivu.

Halafu kuna kiwango cha sauti. Vifaa vingi hupandisha na kushusha sauti vyenyewe: chumba kikiwa kimya hupandisha, mtu akipaza sauti hushusha. Kwa mkutano wa kijiji hilo ni msaada mkubwa. Kwa koo la mtoto ni balaa, kwa sababu mkoromo mdogo unaweza kusikika kama ngurumo, na mkoromo wa kutisha ukasikika wa kawaida. Hakuna anayeweza kusema kwa kusikiliza rekodi kama hiyo kwamba mtoto anakoroma kwa nguvu kiasi gani. Kikohozi kikali kilichopigwa karibu na maikrofoni huweza pia kupita uwezo wa kifaa, na ncha za sauti zikakatwa. Ndiyo ile sauti ya kukwaruza inayosikika kama spika iliyopasuka. Kilichokatwa hivyo hakirudishwi na programu yoyote ya kuhariri.

Kuna na kubana. Ili faili liwe dogo, mifumo kama MP3 huacha sauti ambazo sikio la kawaida halizioni kwa kuwa zimefunikwa na nyingine kubwa zaidi. Ni ujanja mzuri kwa muziki. Lakini mluzi mwembamba wa kifua uliojificha nyuma ya kilio ni mfano halisi wa sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa. Anayempigia daktari na kumsogezea mtoto simu mdomoni anapoteza zaidi: simu ya kawaida ya zamani hubeba sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, wakati sehemu kubwa ya sauti za mapafu iko chini, kuanzia hezi 100 au pungufu hadi kama 1,000.

Hata kifaa cha bei mbaya hakifanyi kazi ya stethoskopu. Ile mipasuko midogo midogo ambayo daktari huisikia ndani ya mapafu yenye nimonia haifiki kwenye hewa ya chumba. Mfaransa René Laennec alianza kwa karatasi iliyosokotwa kama bomba, mwaka 1816, kwa sababu alihitaji kusikia kilicho kifuani kuliko alivyoweza kwa sikio tupu. Simu iliyowekwa juu ya stuli iko mbali kuliko sikio lake. Rekodi ya chumbani isiyo na mlio wowote wa kifua, basi, haithibitishi kwamba kifua ni kizima.

Kimya kilichopotea

Kwa mtoto anayekoroma, hapa ndipo pa kutulia.

Koromo la siku mbili tatu wakati wa mafua si habari. Koromo la kila usiku ni habari nyingine. Kati ya miaka 2 na 8 hivi, mafindofindo na nyama za nyuma ya pua huwa kubwa ukilinganisha na nafasi iliyopo kooni, na kwa baadhi ya watoto huziba njia ya hewa wanapolala. Mtoto hukoroma, hukata, hunyamaza, kisha hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu kama aliyeibuka majini. Wengine hulala shingo wameirudisha nyuma, hutoka jasho, hukojoa kitandani baada ya kuwa walishaacha, na mchana huwa wakorofi au hawatulii darasani. Walimu huwaita watundu. Wengine huitwa wavivu.

Daktari anayemtafutia mtoto huyo tatizo hajali sana ukubwa wa mkoromo. Anatafuta kile kimya. Kwa mtu mzima, kusimama kwa pumzi huanza kuhesabiwa kukifika sekunde 10; kwa mtoto, kukosa pumzi mbili mfululizo kunatosha kuandikwa kwenye kipimo cha usingizi. Ni muda mfupi sana.

Sasa vinasa sauti vingi vya mfukoni vina namna ya kurekodi kwa kusubiri sauti, ambayo kwenye vifaa vingi huandikwa VOR. Kifaa husinzia panapokuwa kimya na kuamka kikisikia kitu. Mwandishi wa habari huipenda kwa sababu humwokolea betri na kumwondolea dakika za watu kutafakari. Mzazi naye huiwasha kwa sababu hiyo hiyo: hataki kusikiliza saa nane za giza. Asubuhi anakuta rekodi ya saa moja na nusu, mkoromo mmoja umeungana na mwingine bila pengo. Kila kimya kirefu kimeondolewa. Na kwa kuwa kifaa huchelewa kidogo kuamka, hata ule mvuto wa kwanza wa hewa baada ya kimya, ambao huwa ndio mkali kuliko yote, huweza kukosekana mwanzo wake.

Mzazi huyo anampelekea daktari usiku ambao haukuwepo. Na daktari asiyeambiwa kwamba VOR ilikuwa imewashwa anaweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba hasikii pumzi ikikata.

Kwa hiyo kabla ya kulaza kifaa, mzazi aingie kwenye mipangilio azime VOR, azime uchujaji wa kelele kama kitufe chake kipo, na kama kifaa kinaruhusu kuweka kiwango cha sauti kwa mkono, akiweke cha katikati na kukiacha hapo. Kwenye simu nyingi hakuna uhuru wote huo. Basi angalau daktari aambiwe ni kifaa gani kilitumika na kiliwekwa umbali gani.

Na bado sauti peke yake ina ukomo. Njia ya hewa ikiziba, kifua huendelea kupanda na kushuka kikihangaika ingawa hewa haipiti. Kwenye rekodi ya sauti hilo husikika sawasawa na mtoto aliyejigeuza na kulala vizuri: kimya na kimya. Video ya dakika chache, shati likiwa limefunguliwa na taa ndogo ikiwaka, kifua, tumbo na mdomo vyote vikionekana, ina faida kuliko sauti ya usiku mzima.

Usiku ni mrefu kuliko kadi

Kuna wazazi wanaorekodi vizuri kabisa halafu asubuhi wanakuta faili limeishia saa kumi. Hesabu yake ni nyepesi. Sauti isiyobanwa, ile ya WAV yenye ubora wa CD, hula takriban megabaiti 10.6 kwa dakika moja. Saa moja ni kama megabaiti 635, na saa nane zinapita gigabaiti 5. Kadi ya kumbukumbu iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao ni wa kawaida kwenye vifaa vidogo, haikubali faili moja linalozidi gigabaiti 4. Ikifika saa ya saba kasorobo hivi, kifaa kizuri hufunga faili na kufungua jingine. Kisicho kizuri husimama. Mzazi aliyeanza kurekodi saa tatu usiku atakosa alfajiri, ambayo kwa mtoto mwenye pumu huwa ndiyo saa mbaya.

MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula chini ya megabaiti 60 kwa saa, yaani usiku mzima hauli hata nusu gigabaiti. Kwa kutafuta ni saa ngapi mkoromo huanza na kukatika, hiyo inatosha, pamoja na kasoro zake. Kwa mlio mwembamba wa kifua, dakika tano za WAV ni bora.

Betri ni jambo la kuchomeka chaja tu, ila umeme unapokatika usiku si kila kifaa huokoa kilichokwisha kurekodiwa. Faili ambalo halikufungwa vizuri huweza kugoma kufunguka. Simu ina kero yake ya ziada: ikipigwa, nyingi hukatisha rekodi. Hali ya ndege inaondoa hilo.

Mkasi usiorudi nyuma

Mzazi ana saa saba za sauti na daktari ana dakika kumi. Ni wazi lazima kitu kikatwe. Kwenye kifaa cha mfukoni chaguo ni chache: mara nyingi kugawa faili mahali fulani na kufuta kipande, basi. Skrini ni ndogo, mahali pa kukata panatafutwa kwa sikio, na kikishafutwa hakuna kitufe cha kurudisha. Baadhi ya programu za simu nazo, mtu akipunguza mwanzo na mwisho kisha akahifadhi, huandika juu ya faili la awali.

Kunakili kwanza, kukata baadaye: mpangilio huo ndio salama. Faili zima linahamishiwa kwenye kompyuta au kwenye kadi nyingine, halafu kazi inafanywa kwenye nakala. Wengine hawakati kabisa. Wanaandika kwenye karatasi: saa 7:40 usiku alikata pumzi, saa 9:15 alishtuka. Daktari anaruka moja kwa moja hadi hapo. Hii ndiyo njia bora kuliko zote, na haihitaji programu.

Anayelazimika kukata achukue kipande kizima cha dakika mbili au tatu, chenye kilichotangulia na kilichofuata. Asikusanye vikohozi kumi vya usiku mzima akaviunganisha kimoja nyuma ya kingine. Daktari atasikia mtoto anayekohoa mfululizo bila kupumzika na anaweza kufikiria kifaduro, wakati mtoto alikohoa mara moja kila nusu saa. Kinyume chake nacho kipo. Kwa mtoto mchanga mwenye kifaduro halisi, ule mlio maarufu wa kuvuta pumzi baada ya kukohoa unaweza usiwepo kabisa. Anachofanya ni kunyamaza na kuacha kupumua kwa muda. Mzazi anayefuta kimya ili kupunguza faili anafuta dalili pekee iliyokuwepo. (Chanjo ya kifaduro imo kwenye ile ya pamoja inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kadi ya kliniki iende pamoja na simu.)

Vile vitufe vya "kusafisha sauti" na "kuondoa ukimya" viachwe kwa watu wa redio.

Wazazi wenye mtoto mwenye kigugumizi nao wanahusika. Kigugumizi mara nyingi huanza kati ya miaka 2 na 5, na mtoto anayekwama kila sentensi nyumbani anaweza kuongea kama maji mbele ya mgeni mwenye koti jeupe, au asiseme neno. Rekodi ya nyumbani humsaidia sana mtaalamu wa matamshi. Lakini kukwama kwingine hakuna sauti: mdomo uko wazi, shingo imekaza, neno halitoki. Programu inayoondoa ukimya humfanya mtoto huyo aongee vizuri kuliko ndugu zake wote.

Sauti ikifika kwenye kundi la familia

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa ili uende haraka, na video hubanwa zaidi. Anayetaka kumtumia daktari kitu kilivyo achague kutuma kama Hati, si kama picha au sauti. Hapo faili huenda bila kubanwa upya. Hilo ni la kiufundi, linarekebishika.

Lisilorekebishika ni ushauri. Sauti ya kikohozi ikitua kwenye kundi lenye watu sitini, haipiti saa moja kabla mtu hajasema ni kimeo, akatwe. Ukataji wa kimeo unaofanywa na waganga wa mitaani umeshaleta damu isiyokatika, maambukizi, upungufu wa damu na vifo, na hautibu kikohozi cha muda mrefu, ambacho chanzo chake kinaweza kuwa pumu, kifua kikuu au kitu kilichokwama kwenye njia ya hewa. Shangazi aliyesikia sekunde kumi na mbili za sauti iliyobanwa mara mbili hawezi kutofautisha hayo. Daktari bingwa pia hawezi, kwa sekunde hizo peke yake.

Pasipo muda wa kurekodi

Kuna hali ambazo simu inatakiwa itumike kuita usafiri tu. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, ambaye kifua chake kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, ambaye midomo inageuka rangi, au anayetoa mlio mkali wakati wa kuvuta hewa ingawa ametulia na halii: huyo anapelekwa hospitali wakati huo huo. Kikohozi kinachofanana na mbwa anayebweka kikiambatana na mlio huo ni dalili kwamba njia ya juu ya hewa imevimba. Kumlaza mtoto ili arekodiwe vizuri, au kumliza ili mlio utoke, ni kumwongezea shida.

Kasi ya kupumua nayo isitafutwe kwenye rekodi. Inahesabiwa kwa macho, mtoto akiwa ametulia, kifua kikiwa wazi, kwa dakika nzima bila kukisia. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi kwa mtoto wa chini ya miezi 2. 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11. 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5. Mtoto mwenye kikohozi aliyefikia viwango hivyo anatakiwa kuonwa siku hiyo hiyo, hata kama rekodi yake inasikika tulivu.

Zipo programu zinazodai kutaja ugonjwa kwa kusikiliza kikohozi. Utafiti wa aina hiyo unaendelea sehemu mbalimbali duniani, lakini programu iliyopakuliwa bure kati ya matangazo mawili haitakiwi kuamua kama mtoto abaki nyumbani.

Ndani ya chumba cha daktari

Rekodi isikilizwe kwa spika ya masikioni ikiwezekana, kwa sababu spika ndogo ya simu haitoi vizuri sauti za chini na korido ya zahanati ina kelele zake. Mzazi ataje umri wa mtoto, tarehe, saa, alivyokuwa amelala, kama alikuwa amepewa dawa, na kama kifaa kilikuwa na VOR au kichujio. Anayetaka kurekodi maelezo ya daktari kuhusu dozi aombe ruhusa kwanza. Wengi hukubali, na ni afadhali kuliko kukumbuka nusu kijiko badala ya kijiko na nusu. Faili la awali libaki, bila kukatwa, hadi matibabu yaishe, kwa sababu daktari wa masikio, pua na koo atakayemwona mtoto mwezi unaofuata anaweza kutaka kusikia sehemu ambayo wa kwanza aliiruka.